Ufa Utajwe Kabla ya Bei
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi si mchezo. Habari za hisa na mikopo mtazikuta katika taarifa ya Mweka Hazina. Sisi tumeombwa tuseme juu ya biashara moja ambayo imetulisha, na pia nusura itugombanishe: vyombo vya udongo tunavyonunua na kuuza kwa mnada wa kwenye simu.

Kila mama hapa analijua kabati la vioo pale sebuleni. Seti ya chai yenye maua, bakuli lenye mfuniko wake, sahani zenye ukingo wa dhahabu. Havitumiki hovyo, vinatoka mgeni akija. Na mapenzi haya si ya leo. Kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yapo makaburi ya karne ya 18 yaliyopachikwa bakuli na sahani kutoka China. Vyombo vile vilivuka bahari kwa jahazi vikafika salama. Vya kwetu vinavunjikia Lusahunga!

Mnada wenyewe unaendaje? Muuzaji, mara nyingi yuko Dar es Salaam, anaweka picha kwenye kundi la WhatsApp, anataja bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Kila anayetaka anapandisha. Saa ikifika, aliyetaja bei kubwa ndiye mwenye chombo. Analipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Unapita Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi, zaidi ya kilometa 1,000. Pale Lusahunga njia zinaachana: wa Biharamulo unashika njia yake, na wa Ngara unaendelea Nyakahura hadi Benaco. Kila unaposhushwa na kupandishwa, roho ya mwenye mali iko juu juu.

Sasa sikilizeni yaliyompata mwenzetu mmoja. Alikopa kwenye kikundi, akashinda mnada wa seti mbili, jumla vipande 24, akitegemea kuviuza msimu wa harusi. Boksi lilipofunguliwa, vipande 11 vilikuwa vimevunjika. Vikombe 2 vilikuwa na nyufa za zamani, zimeshaingia rangi ya chai, yaani vilitoka huko vikiwa vibovu. Muuzaji akasema mali ikishapakiwa ni ya mnunuzi. Watu wa basi wakasema mzigo wa kuvunjika unasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Kila mtu akanawa mikono. Deni likabaki kwa mama yule, na nyuma yake sisi sote, maana fedha ile ilikuwa hisa zetu.

Kikao kile kilikuwa kigumu. Wapo waliosema asamehewe, kwani ni bahati mbaya. Wapo waliotaka mfuko wa jamii ulipe. Wengine wakajibu kwamba mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa. Ukilipia sahani leo, kesho utalipia kuku. Mwisho tukakubaliana: deni halifutwi, ila faini iondolewe na muda uongezwe. Halafu vipande 11 vilivyobaki vizima, pamoja na vile vikombe 2, tukaviuza kwa mnada pale pale mkutanoni, kimoja kimoja. Kila chombo kilipita mikononi mwa watu kwanza, na chenye ufa, ufa wake ukatajwa kwa sauti. Jamani, hata vikombe vile vilipata mtu, akasema atapandia maua! Deni halikwisha siku ile, lakini lilipungua, na mama yule alilimaliza. Leo yuko nasi, ameketi mstari wa mbele.

Katibu wetu alitusomea habari ya kampuni ya eBay ya Marekani, iliyoanza minada ya intaneti mwaka 1995. Inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kijitochi cha leza, tena kibovu. Muuzaji hakuficha, na mnunuzi alikitaka hivyo hivyo, kwani alikuwa anakusanya vibovu vya aina hiyo. Basi kumbe ubovu uliotajwa una bei yake. Uliofichwa ndio unaovunja watu.

Tangu hapo tunafuata taratibu hizi, na vikundi vingine tunawapa bure:

Kwanza, kabla ya kutaja bei tunauliza hasara ya njiani ni ya nani, na jibu liwe la maandishi.

Pili, tunadai picha ya kitako, ya ukingo na ya mkono wa kikombe. Chombo kikiwa mbele yako, kigonge kwa ukucha. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa sauti yake imekufa.

Tatu, tunapouza sisi, kila kipande kinafungwa peke yake kwa gazeti, kisha majani makavu ya migomba, ambayo kwetu hayanunuliwi. Sahani zisimame kwa ukingo, zisilazwe. Vikombe visipachikwe kimoja ndani ya kingine. Tikisa boksi, likilia, fungua ufunge upya.

Nne, tunapiga hesabu ya hasara mapema. Sahani 12 kwa sh. 60,000 ni sh. 5,000 kila moja. Zikivunjika 3, zile 9 zimekugharimu karibu sh. 6,670 kila moja, na nauli ya mzigo bado. Asiyeweza kuuza kwa bei hiyo asipandishe dau.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna ombi moja. Utufikishie kwa wenye mabasi wanaofika wilaya zetu, wawe na sehemu ya mizigo ya kuvunjika, na risiti yenye kuonyesha kilichomo na thamani yake. Tuko tayari kulipia zaidi kidogo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: usipoutaja, utaulipa. Hivyo ndivyo tulivyo hata katika mikopo. Mwenye shida anaisema kikaoni kabla ya siku ya kulipa, nasi tunaipima pamoja.

Baada ya kusema hayo, tunawatakia sherehe njema. Chai iko tayari, na leo vyombo vya kabatini vimetoka. Tafadhali mvishike vizuri.