Kiti cha Mgeni Studioni

Kualikwa kwenye kipindi cha televisheni hutegemea mahitaji ya kipindi chenyewe kuliko umaarufu wa mgeni. Vipindi vya asubuhi kama Kumekucha cha ITV, Jambo Tanzania cha TBC1 au Tuongee Asubuhi cha Star TV ya Mwanza hurushwa mubashara wiki hadi wiki. Magazeti yakishaperuziwa na hali ya hewa ikishatajwa, muda unaobaki ni wa mazungumzo, na mazungumzo hayaendi bila watu. Kesho yake wanatakiwa wengine.

Anayewatafuta watu hao ni mtayarishaji wa kipindi. Watazamaji humjua mtangazaji, ndiyo maana maombi mengi huelekezwa kwake, kwenye ukurasa wake wa Instagram, yakalala huko pamoja na salamu za mashabiki. Mtangazaji mwenyewe mara nyingine huletewa jina la mgeni akiwa tayari anapakwa poda. Mtayarishaji ndiye mwenye ratiba ya wiki, ndiye anayepiga simu, na kiti kikibaki wazi ndiye anayeulizwa. Jina lake hupita mwisho wa kipindi, katika ile orodha inayokimbia kwenye skrini wakati watu wameshainuka kwenda kazini. Anayetaka kualikwa ana sababu ya kubaki ameketi aisome. Asipolipata humo, mapokezi ya kituo hupigiwa simu na kuulizwa jambo moja tu: nani anatayarisha kipindi fulani.

Ujumbe unaomfikia mtayarishaji huyo hufa au hupona katika mistari yake ya kwanza. Anayeandika kwamba yeye ni mtaalamu wa lishe na angependa kuja kuelimisha jamii hajampa mtayarishaji kitu cha kushika, kwani jamii ni kubwa na lishe ni pana. Mtaalamu yuleyule anaweza kuandika kwamba mahindi yakivunwa hayajakauka na kuanikwa juu ya udongo hushikwa na sumukuvu, kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na kwamba mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Akiongeza kuwa atakuja na mahindi mawili, moja safi na jingine lililoota ukungu, kipindi kimeshajitengeneza. Kamera inapenda kitu cha kuonyeshwa. Mtayarishaji naye ameshaona swali la kwanza, la pili, na picha ya kuweka kati yake.

Mada hiyohiyo ina wakati wake. Sumukuvu huzungumzwa kuelekea mavuno, au wiki ya Nane Nane wakati wakulima wanatajwa kila kona. Kodi ina msimu wake mwezi Juni bajeti inaposomwa bungeni. Daktari wa kisukari hutafutwa kuelekea 14 Novemba, na wa kifua kikuu kuelekea 24 Machi, siku ambazo dunia huyaadhimisha maradhi hayo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, walimu na washauri wa vijana hupigiwa simu siku hiyohiyo. Tarehe nyingi kati ya hizi zinajulikana mwaka mzima kabla, lakini maombi mengi huletwa siku yenyewe, ratiba ikiwa imejaa. Wiki mbili kabla ni muda wa kutosha. Habari ya ghafla ni jambo jingine: hapo anayepata nafasi ni aliye karibu na anayepokea simu.

Mtayarishaji akivutiwa hupiga mwenyewe. Maswali yake mawili matatu yanaonekana kama mazungumzo ya kawaida, kumbe huo ndio usaili. Anasikiliza kama mtu anajibu alichoulizwa, kama anaweza kunyamaza baada ya kujibu, na kama Kiswahili chake kinasimama chenyewe. Wataalamu wengi wamesoma fani zao kwa Kiingereza na hukwama kwenye istilahi. Wanaozifanyia kazi mapema huonekana hodari kuliko wenye shahada kubwa zaidi. Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Huko vituo vikubwa husoma taarifa ya habari ya Kiswahili saa 1 usiku na ya Kiingereza saa 3, na mazungumzo mengi ya asubuhi ni ya Kiingereza. Mchumi au mwanasheria anayeweza kueleza fani yake kwa Kiswahili bila kuchanganya si rahisi kupatikana, na anajulikana na kila chumba cha habari.

Mtumishi wa umma anahitaji kibali cha mwajiri kabla ya kuzungumzia kazi ya ofisi yake, na kibali kinaweza kuchukua siku kadhaa. Mtayarishaji mzoefu huuliza hilo mapema. Asipouliza, mgeni amweleze, kwa sababu simu ya kujitoa usiku wa manane ndiyo inayofuta namba ya mtu moja kwa moja.

Kuna suala la fedha. Kwa kawaida mgeni wa mahojiano halipwi wala halipi. Akibahatika hupewa nauli au chai. Kituo kinapotaja bei, mazungumzo yamehamia idara ya masoko na kinachouzwa ni muda wa tangazo. Hakuna ubaya katika kununua muda, ilimradi mtazamaji aambiwe kwamba umenunuliwa. Ubaya unaanza pale muuza dawa anapokalishwa kwenye kiti kilekile alichokalia daktari jana, akaitwa mtaalamu, akahojiwa kwa upole, na namba yake ya simu ikapita chini ya skrini. Mtazamaji hana njia ya kutofautisha. Mtayarishaji anayeomba kitu kidogo mfukoni ili ampangie mtu siku amekwishaondoka katika utayarishaji, na kituo chenye uongozi hakimvumilii.

Siku yenyewe ina mambo madogo yenye uzito. Studio kadhaa za Dar es Salaam ziko Mikocheni, nyingine Tabata, na foleni ya asubuhi haijali kama mtu anasubiriwa hewani. Wageni wa mapema hutoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Shati lenye mistari myembamba iliyobanana huchezacheza kwenye kamera kama maji. Nguo ya kijani humezwa na pazia la kijani pale studio inapolitumia, kichwa kikabaki kinaelea. Maiki hubanwa kwenye ukosi wa shati au koti, kwa hiyo mkufu unaogongagonga au mtandio unaosuguana nayo husikika kuliko maneno. Simu huzimwa kabisa, maana hata ikitetemeka mezani maiki huinasa. Macho humwelekea mtangazaji, si kamera.

Kabla ya kuingia, fundi huuliza jina na cheo vitakavyoandikwa chini ya picha. Ni vyema mgeni aviandike mwenyewe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Vikikosewa vitabaki hivyo kwenye YouTube, ambako kipindi hutazamwa na watu wengi ambao asubuhi ile walikuwa kwenye daladala.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi kuliko mgeni alivyotarajia. Dakika kumi na tano zikitolewa salamu, utambulisho na simu za watazamaji, hubaki nafasi ya hoja tatu, na yenye uzito isisubiri mwisho. Mtangazaji akikatiza, huenda ameelekezwa kupitia kifaa cha sikioni kwamba matangazo ya biashara yanaingia.

Kipindi kikiisha, namba ya mgeni huhifadhiwa kwenye simu ya mtayarishaji, mara nyingi kwa mada kuliko kwa jina: mahindi, kodi, ndoa, kisukari. Mada ikirudi, hupigiwa huyohuyo, ndiyo maana watazamaji huona nyuso zilezile mwaka hadi mwaka, nyingi za wanaume na karibu zote za watu wanaoishi jirani na studio. Bwana shamba wa Kongwa anayeijua sumukuvu kwa kuishika mkononi hayumo kwenye simu hiyo. Sasa anaweza kuhojiwa kwa njia ya mtandao bila kupanda basi, na vituo vyenye waandishi mikoani vinaweza kumpelekea kamera shambani, ikiwa mtayarishaji atapata namba yake.