Hoja Hujibiwa kwa Hoja

Hotuba ya kamati katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Leo ni siku ya kula pilau, nasi hatutawachosha. Habari za akiba na mikopo mtazisoma katika kurasa za mweka hazina. Sisi tumeombwa tuseme ni kitu gani kimetuweka pamoja miaka hii kumi. Si pesa, maana pesa zimevunja vikundi vingi. Ni desturi moja tu: katika mkutano wetu mtu hatishwi.

Kutisha ni kumpa mtu sababu ya kuogopa, pale alipostahili kupewa sababu ya kukubali. Mama anauliza, "Mbona risiti ya hema haipo?" Anajibiwa, "Wewe endelea tu, tutaona mwaka huu ni nani atakudhamini!" Sasa jamani, risiti imepatikana? Haikupatikana. Swali liko pale pale, ila aliyeuliza ameketi.

Nchi yetu ya Kenya imeyaona hayo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai aliuliza kwa nini bustani ya wananchi ichukuliwe. Bungeni alitukanwa, wakataja hata talaka yake, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa ofisini. Yeye aliuliza habari za bustani, wao wakajibu habari za ndoa! Lakini swali halikufa, na mwishowe mradi uliachwa.

Mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika bustani hiyo hiyo wakidai wana wao waachiliwe. Mnamo Machi 3 polisi waliwatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo kwa uchungu. Profesa Maathai alipigwa hata akazirai. Je, virungu vilithibitisha kwamba vijana wale walistahili kufungwa? Akina mama walihamia kanisa la All Saints, wakashikilia dai lao, na kufikia mwaka 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa. Mwaka 2004 Profesa alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni kweli, barabarani mpishe. Lakini kumpisha si kukubali kwamba njia ni yake.

Basi turudi nyumbani. Mnakumbuka mwaka wetu wa nne, lilipoletwa pendekezo la kuongeza mchango wa mwezi. Wenye akiba kubwa walisema, "Msipokubali, tunatoa pesa zetu." Wauza mboga na wafua nguo wakanyamaza. Kama tungehesabu mikono siku ile, pendekezo lingepita kwa kishindo. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Bi. Mwenyekiti alileta kibuyu, kila mtu akapewa harage jeupe la kukubali na jekundu la kukataa, akatumbukiza moja bila kuonekana. Yalipomwagwa, mengi yalikuwa mekundu. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Tukapatana kwamba mchango wa lazima ubaki vile vile, na mwenye uwezo aongeze hisa apendavyo. Hakuna aliyetoka.

Wako watakaosema, "Bila ukali watu hawalipi." Hapa tuelewane. Faini iliyoandikwa katika katiba yetu si kitisho. Tuliipitisha sote, kila mtu anaijua kabla ya kukopa, na inamhusu mwenyekiti kama inavyomhusu mwanachama mpya. Kitisho hutungwa papo hapo, kwa mtu mmoja, ili anyamaze. Kwenda kundi zima kubeba sufuria na godoro la mwenzetu hakutuelezi kwa nini ameshindwa kulipa. Labda mtoto ni mgonjwa, labda biashara imeanguka, labda ni ujanja tu. Hatutajua mpaka tumsikilize. Ndiyo maana kwetu huenda watu wawili, pamoja na mdhamini wake, na daftari mkononi. Hata wakopeshaji wa kwenye simu, kanuni za mwaka 2022 ziliwakataza kudai kwa vitisho na matusi, au kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mdaiwa. Seuze sisi tuliozikana na kulea watoto pamoja?

Tena kuna faida ya pesa hapa, si upole mtupu. Sanduku letu lina funguo tatu, lakini linalindwa zaidi na macho yenu. Siku mwanachama atakapoogopa kuuliza, jicho moja limefumbwa. Wakiogopa kumi, sanduku liko wazi hata likiwa na kufuli.

Kwa hivyo tunawaomba nyote, hasa ninyi mabinti mnaojiunga sasa: ukiulizwa swali, fungua daftari. Ukikosa jibu, sema utalitafuta. Na ukitishwa, usikasirike, uliza tena. Hoja hujibiwa kwa hoja, si kwa vioja.

Mungu akibariki kikundi chetu. Na pilau isipoe.