Rafu Moja kwa Tarikhi, Wasifu na Riwaya



Msomaji aingiaye katika Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2012 pale Kacyiru, aghalabu huelekea kwenye fungu alilolizoea, mpenda tarikhi kwenye tarikhi na mpenda riwaya kwenye riwaya, akatoka asiguse la jirani; nami nadai mbele yenu kwamba Rwanda haisomeki vyema kwa mtindo huo, kwa kuwa waandishi wake wakubwa wenyewe hawakukaa katika fungu moja.

Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa 1912, aliketi na washairi wa baraza la mfalme, akaziandika tungo walizozihifadhi vifuani, na kwa tungo hizo akaijenga tarikhi ya ufalme katika Inganji Karinga, kilichotoka 1943 kwa Kinyarwanda. Mwaka 2001 Jan Vansina, katika kitabu chake juu ya ufalme huo wa Wanyiginya, aliutilia shaka urefu wa nasaba ya wafalme wake, akauweka mwanzo wa ufalme katika karne ya 17, ilhali Kagame alikuwa ameurudisha nyuma karne nyingi zaidi. Asomaye kimoja hupokea. Asomaye vyote viwili hulazimika kupima. Na mtu mdogo wa zama za Wabelgiji, ambaye vitabu vya wafalme havimtaji, tumtafute katika Escapade ruandaise cha Saverio Naigiziki, daftari ya karani, kilichochapishwa 1950.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Bibi Scholastique Mukasonga. Katika Inyenzi ou les Cafards, cha 2006, alieleza jinsi jamaa zake walivyohamishiwa kwa nguvu Nyamata, na jinsi walivyouawa 1994. Miaka miwili baadaye akamwandikia mama yake kitabu kizima. Kisha, 2012, akatunga riwaya, Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka uleule. Kwa nini riwaya, naye ameshatoa ushahidi wake? Naona ni kwa sababu shahidi husema yaliyomfika yeye, walakini mtunzi aweza kuingia hata moyoni mwa Gloriosa, binti wa mkubwa, asemaye uongo unaowaletea maafa wanafunzi wenziwe wa Kitutsi.

Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kina hazina ya namna hiyohiyo. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na humo safari za misafara zinasemwa na bwana wa mali. Katika Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, njia kama zile anazipita Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la babake. Nimesoma vingi juu ya biashara ile ya misafara, wala sijaona viwili vinavyojibizana kwa uzito kama hivi.

Kwa hiyo nawaomba wakutubi na walimu mliohudhuria mviweke vitabu hivi pamoja, tarikhi ubavuni mwa wasifu na wasifu ubavuni mwa riwaya. Na wafasiri nawasihi muanze na Naigiziki na Mukasonga, ili msomaji wa Biryogo na wa Nyamirambo avisome kwa Kiswahili chake.