Kuunganisha Arduino na Paneli ya Pampu Tuliyoichora Wenyewe

Mada kwa mafundi wa umeme na vijana wanaojifunza kazi, Amu



1. Kwa nini tuyazungumze haya Amu

Mji wetu hunywa maji ya Shela. Mvua hupenya vilima vya mchanga vya huko, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukivuta kwa kiasi unapata maji ya kunywa. Ukivuta kwa pupa chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hukawia kupona. Kwa hiyo pampu ya Amu haitoshelezwi na swichi ya ukutani. Yataka mlinzi wa kuiwasha tangi likipungua, kuizima kisima kikishuka, na kuipumzisha kabla ya kuiwasha tena.

Ulinzi huo unawezwa na bodi ya Arduino Uno, ya ukoo ulioanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kuinunua si tabu, na programu yake haizidi kurasa mbili. Tabu huanza bodi hiyo inapokutana na paneli tuliyoichora wenyewe. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wanajua kwamba jahazi huvuja kwenye maungio ya mbao, ndiyo maana hawafanyi haraka na kalafati. Paneli nayo hufa kwenye maungio. Hilo ndilo ninaloomba tulishike leo.

2. Kuichora bodi

Paneli ninayoizungumzia ina vitufe viwili, taa tatu za ledi, sehemu za kufungia nyaya za maboya mawili ya kupimia maji, moja la kisimani na moja la tangini, na rilei inayoamsha kontakta ya pampu. Tunaichora kwa KiCad, programu isiyolipiwa.

Kabla ya kuagiza, chapisheni mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kisha ilazeni Arduino juu yake. Pini za Uno zimeachana milimita 2.54, ila kati ya pini ya 7 na ya 8 pana milimita 4.06. Asiyelijua hilo ataletewa bodi kumi, asipate hata moja inayokaa. Upande wa volti 240 nao uacheni mbali na upande wa volti 5, angalau milimita 8 pasipo shaba yoyote.

3. Kupima mzigo wa kila pini

Pini moja ya Uno isidaiwe zaidi ya miliampia 20. Ledi nyekundu yenye rezista ya omu 330 huchukua kama miliampia 9, kwa hiyo hufungwa kwenye pini moja kwa moja. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 ina omu 70 hivi. Gawanyeni wenyewe: ni miliampia 71, zaidi ya mara tatu ya uwezo wa pini. Kati yao lazima isimame transista, mathalani 2N2222, yenye rezista ya omu 1,000 kwenye besi.

Sambamba na koili wekeni diodi 1N4007, mstari wake ukielekea chanya. Koili inapokatiwa umeme hurusha volti nyingi kwa kishindo, na pasipo diodi transista ndiyo inayoumia. Mkiilisha rilei kwa chanzo chake cha umeme, graundi yake na ya Arduino zikutane. Bila graundi ya pamoja, amri ya bodi haifiki kwenye transista.

4. Pampu isiwake bila kuamriwa

Katika paneli yangu ya kwanza niliifunga rilei kwenye pini ya 13. Siku nilipochomeka kompyuta kurekebisha programu, rilei ikagonga ta-ta-ta na kontakta ikaruka pamoja nayo, ilhali mwenzangu alikuwa ameinama juu ya pampu. Kumbe pini ya 13 ina taa ya bodi yenyewe, na Uno huimemetesha kila inapoanzishwa upya. Alhamdulillahi, mwenzangu hakuumia. Tangu siku hiyo rilei haikai pale, wala sifungi kitu kwenye pini ya 0 na ya 1, ambazo bodi huzitumia kuzungumza na kompyuta.

Tena, kati ya pini inayoamuru rilei na graundi wekeni rezista ya omu 10,000, ili bodi ikiwa bado inaamka transista ibaki imezimika. Na boya la kisimani lifungwe hivi: maji yakiwepo saketi imefunga, yakipungua imefunguka. Siku panya akiukata waya, bodi itadhani kisima kimekauka na pampu itasimama. Hasara yake ni ndogo kuliko kuunguza mota.

5. Hewa ya chumvi

Upepo wa Amu una chumvi, na chumvi hula shaba. Bodi ikishajaribiwa ioshwe kwa spiriti, ikauke, kisha ipakwe vanishi ya saketi pande zote mbili, viunganishi vikiwa vimezibwa kwa utepe. Nyaya ziingie kwa chini ya sanduku, zikiwa zimening'inia kidogo ili tone la maji lianguke kabla ya kufika mlangoni. Skrubu za viunganishi zikazwe kila baada ya miezi michache. Waya ukionekana na ukungu wa kijani, ukateni mpaka mfikie shaba safi.

6. Mapendekezo

Kwanza, Arduino ikae kwenye soketi, isilehemewe, ili ikifa ibadilishwe papo hapo. Pili, kila waya uwe na jina lake kwa maandishi yasiyofutika. Tatu, mchoro na programu viachwe ndani ya mlango wa paneli, vimefungwa kwenye plastiki.

Wenzangu, bodi ya Arduino ikifa, nyingine inaletwa kwa boti. Kisima kikiingia chumvi hakuna boti ya kutuletea kingine. Basi tusimkabidhi mtu paneli kabla ya kukata waya wa boya mbele yake, naye akaona kwa macho yake pampu ikisimama.