Mashine Inaona Kivuli, Mgonjwa Tunamtafuta Sisi

Maneno kwa wahudumu wa afya wa jamii na viongozi wa jumuiya, Kitengela



Siku hizi tunaulizwa: ni kweli kuna kompyuta inayosoma picha ya kifua bila daktari? Ni kweli. Inaitwa akili bandia. Kompyuta imeonyeshwa picha nyingi sana, za wagonjwa na za wazima, mpaka ikajifunza kutofautisha. Mtu akishapigwa eksirei, mara moja inatoa alama ya kuonyesha shaka ni kubwa au ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikubali itumike mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Tena kuna eksirei ndogo za kubebwa, za betri, zinazoweza kufika bomani ambako stima haijafika. Hapa Kenya zimeanza kutumika.

Utafiti wa nchi nzima wa 2015-2016 ulionyesha kwamba kwa kila watu wazima 100,000, watu 558 walikuwa na TB ya mapafu. Karibu nusu yao wangeachwa kama wangeulizwa tu lile swali letu, "Umekohoa wiki mbili?" Hebu fikirieni. Mzee anayechunga ng'ombe upande wa Magadi hahesabu wiki za kikohozi. Kijana wa kiwandani hapa mjini anasema ni vumbi la simiti tu, halafu jioni anarudi chumba kimoja wanamolala watu watano.

Lakini tusidanganyane. Mashine haithibitishi TB. Hata kovu la TB iliyopona yaweza kuliona kama ugonjwa. Mwenye shaka lazima atoe makohozi yapimwe, na mashine ya GeneXpert huchukua kama saa mbili kutoa jibu. Hizo ni saa za maabara! Kutoka boma hadi maabara kuna nauli ya boda boda na kuna mto uliojaa. Hapo ndipo watu wanapotea. Jibu linarudi, na familia imekwisha kuhama kufuata nyasi. Picha tunayo, mgonjwa hayuko.

Huko Kanada, Wainuit wa kaskazini kwenye barafu walipigwa eksirei melini miaka ya 1950. Waliokutwa na ugonjwa walichukuliwa kwenda hospitali za kusini, wengi bila hata kuaga nyumbani. Wengine walifia huko, na jamaa hawakujua walikozikwa. Mwaka 2019 Waziri Mkuu Justin Trudeau aliwaomba radhi. Eksirei walikuwa nayo, ila mtu hakuulizwa neno. Basi mzee wa boma akikataa kupigwa picha, msimwite mjinga. Mkalishe, mweleze kwa Kimaa.

Tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1976, huko Wajir, Annalena Tonelli, mlei Mkatoliki kutoka Italia, aliwakaribisha wagonjwa wa kuhamahama wajenge manyatta yao karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya mhudumu mpaka wakamaliza. Hakuwa na kompyuta. Alijua kila mgonjwa analala wapi.

Kwa hiyo kazi yetu inaanza kabla eksirei haijafika. Kwa kila mtu andikeni: familia itahamia wapi mvua ikikosa, na ni nani mwenye simu huko. Waambieni wazi kwamba dawa za TB katika hospitali za serikali ni bure, na kwamba ni za miezi sita, si za mpaka kikohozi kiishe. Wanawake wapatiwe pazia la kubadilishia nguo; bila pazia hawatakuja, na hatutawalaumu. Kwa wapangaji wa Kitengela, ulizeni zamu ya kazi, kwa maana mchana mtakuta kufuli mlangoni.

Daftari ziko kwa katibu. Kila mmoja achukue lake kabla ya chai, na wa Ilbisil wachukue mawili.