Vigeuzi vya Umeme Katika Pikipiki na Magari: Kazi Inayomsubiri Fundi wa Malinya



Malinya, huku kwetu Kakamega, inasifika kwa mafahali wanaopigana uwanjani. Leo nawaomba tuangalie kitu kidogo zaidi: kisanduku cha aluminiamu kilichofungwa kwa skrubu ndani ya pikipiki ya umeme. Kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, inaunda pikipiki hizi Nairobi, na mabasi ya umeme ya BasiGo yamekuwa yakibeba abiria jijini humo tangu 2022. Tukizungumzia vyombo hivi huwa tunauliza habari za betri tu: ni bei gani, inafika kilomita ngapi. Mimi nashikilia kwamba riziki ya fundi itatoka zaidi kwenye vigeuzi vilivyomo katika visanduku kama hicho, yaani saketi zinazobadilisha umeme kutoka hali moja hadi nyingine.

Tuanze na soketi ya ukutani. Inatoa volti 240 za mkondo geu, mizunguko 50 kwa sekunde. Betri haiupokei umeme huo. Inataka mkondo mnyoofu. Ndani ya chaja, diodi huunyoosha. Ukipima baada ya diodi na kapasita, mita inaweza kuonyesha volti 340 hivi. Usidhani mita imeharibika: hicho ndicho kilele cha wimbi la volti 240. Kisha transista huukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, upite kwenye transfoma na kushushwa hadi kiwango cha betri. Kwa kuwa ukataji ni wa kasi kubwa, transfoma inayoenea kiganjani inatosha.

Kuwasha na kuzima: hapo ndipo ulipo msingi wa vigeuzi vyote. Chukueni pikipiki yenye betri ya volti 72 na taa za volti 12. Tukitumia rezista kushusha volti 72 hadi 12, volti 60 zote zitapotea kama joto. Kigeuzi huiwasha transista kwa sehemu moja ya sita ya muda na kuizima kwa sehemu tano zilizobaki. Koili na kapasita husawazisha mipigo hiyo, na wastani unakuwa volti 12. Transista iliyowashwa kikamilifu ina volti chache sana kati ya ncha zake. Iliyozimwa haipitishi mkondo. Katika hali zote mbili nguvu inayopotea ni ndogo.

Kigeuzi cha mota, kiitwacho inveta, ndicho chenye kazi nzito. Mota ina nyaya tatu nene, na kila waya una jozi ya transista: moja upande wa chanya wa betri, nyingine upande wa hasi. Jumla ni sita. Kompyuta ndogo husoma rota imefika wapi na dereva amezungusha mkono wa kuongeza kasi kiasi gani, kisha hupanga zamu ya kila transista, ili mota ipate mawimbi matatu yanayofuatana. Transista mbili za jozi moja zikiwaka pamoja hata kwa kitambo kidogo sana, betri inapigwa shoti na transista hupasuka. Kwa hiyo kila zamu hutanguliwa na pengo fupi ambapo zote mbili zimezimwa.

Adui mwingine ni joto. Inveta inayopokea kilowati 3 na kupoteza asilimia 5 hutoa wati 150 za joto ndani ya kisanduku hicho. Fundi akikifungua na kukirudisha bila grisi ya kupitisha joto, au akiacha mpira wa kuzuia maji umekaa vibaya katika mvua zetu za Kakamega, kazi yake haidumu.

Inveta hiyo hiyo hufanya kazi kinyume. Ukiteremka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo, mota inaweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini betri ikiwa imejaa haina pa kuuweka, na breki hiyo ya mota hulegea. Waendeshaji, msiache kutunza breki za kawaida.

Nasisitiza usalama. Katika gari lenye betri ya volti 360, kapasita ya maikrofaradi 1,000 huhifadhi takriban joule 65, na inaweza kubaki na umeme hata baada ya betri kukatwa. Vaa glavu za kuzuia umeme, subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha pima. Usiguse kabla mita haijathibitisha.

Mwenyekiti wa semina, Sigalagala National Polytechnic iko jirani yetu. Ombi langu ni kwamba chuo kiwafungulie mafundi walio kazini kozi fupi za jioni kuhusu inveta na chaja, wakiwa na visanduku halisi mezani, na kwamba wanaotuuzia vyombo hivi watoe michoro ya saketi na vipuri. Nanyi mafundi, anzeni kwa kununua mita inayofaa volti hizo na kujifunza kuitumia.