Uji, soya na papai: chakula cha asubuhi tunachotengeneza pamoja na watoto

Maneno ya mama mmoja mwanachama, aliyoyasema katika mkutano wetu wa wanachama kule Baraka. Tumeyaandika namna alivyoyasema.



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya chakula cha asubuhi cha watoto. Nimesikia wengine wanacheka pale nyuma: "Kuna mtu hapa asiyejua kupika uji?" Hata mimi nilicheka waliponiambia. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka mwaka ule mutoto wangu wa mwisho alipopata bwaki. Kicheko kikaisha.

Basi nianzie hapo. Tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tunakumbuka posho: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi, na ule unga wa CSB uliochanganywa mahindi na soya. Watoto walikuwa wanaulamba mukavu kabla hata maji hayajachemka. Tulipovuka ziwa kurudi kwetu, tulifurahi kuachana na foleni ya posho. Lakini hatukujiuliza ni nini kitaingia mahali pa ule unga.

Kwangu hakikuingia kitu. Nilikuwa naenda shambani kabla ya jua. Watoto walibaki na chai kavu, na bugali ya jana kama ilibaki. Mutoto wa mwisho alikuwa na miaka miwili, nilikuwa nimemwachisha ziwa. Siku moja jirani akaniambia, "Mama, mutoto wako amenenepa." Nikafurahi! Nikamshukuru Mungu. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi kama ndevu za mahindi, nikasema labda ni jua.

Ni muuguzi wa santre aliyenifungua macho. Alibonyeza mguu wa mutoto kwa kidole, akaondoa kidole, shimo likabaki. Akasema, "Mama, huyu hakunenepa. Huyu amevimba." Halafu akaniuliza, "Kwenu kuna miti ya matunda?" Nikamwambia iko, mipapai mitatu. "Na mapapai yanaenda wapi?" Sokoni. "Na feza ya mapapai munanunua nini?" Nikanyamaza. Tulikuwa tunanunua sukari ya kutia kwenye chai.

Alinieleza vizuri, na ninawaeleza ninyi vilevile ili mtu asitoke hapa na habari nusu. Papai peke yake halizuii bwaki. Mutoto alikosa chakula chenyewe, na zaidi kile kinachojenga mwili: soya, maharagwe, karanga, ndagala, yai. Matunda yanakuja juu ya hiyo, kulinda macho na damu na kumsaidia mutoto kupigana na magonjwa. Mutoto wangu alipona kwa maziwa na dawa ya santre, si kwa uji wangu. Kwa hiyo ukiona miguu ya mutoto imevimba, au amekonda mifupa inaonekana, usianze kumjaribishia uji. Mpeleke siku ileile.

Sasa nije kwenye uji. Miaka ilipita, dada yangu mdogo aliyehamishiwa Marekani kutoka kambini akanitumia pakiti mbili za oti. Zile ni chembe zilizokandamizwa bapa, watu wa kule wanazila asubuhi. Akatuma na video: watoto wake wanatia oti ndani ya chupa jioni, wanamimina maziwa, wanakata matunda juu, wanafunika. Asubuhi wanafungua na kula, hakuna moto. Watoto wangu waliangalia ile video mara kumi. Tukafanya vilevile na ndizi na papai letu. Munajua, watoto wangu hawakuwahi kuamka mapema namna ile! Kila mmoja alikuwa anakimbilia kikombe alichokitengeneza mwenyewe.

Kwa wiki moja oti zikaisha. Nikauliza bei ya kopo moja dukani. Ile bei ilikuwa inatosha kununua unga wa kulisha nyumba yangu yote siku nyingi. Nikasema, basi, nitafanya hivyohivyo na unga wetu. Nikaloweka unga mubichi wa mahindi na soya jioni, asubuhi nikawapa. Mchana watoto wawili wanaharisha. Hapa kwetu pembeni ya ziwa, mutoto akiharisha, wazo la kwanza ni kipindupindu. Nilitembea nao mpaka santre huku magoti yanatetemeka. Haikuwa kipindupindu. Ilikuwa ujinga wangu.

Wale wa dada yangu wanaweza kuloweka tu, juu oti za pakiti zimekwisha kupitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kukandamizwa. Unga wetu ni mubichi. Na soya mbichi njo mbaya zaidi: ina kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula. Wamama mulio na watu wenu huko nje na munapokea video kama hizo, mukumbuke hilo. Tuige kazi ya watoto, tusiige kuloweka.

Namna ninavyofanya sasa ni hii. Soya naichambua, naiosha, naitupa ndani ya maji yanayochemka, inakaa nusu saa. Naianika ikauke kabisa, halafu naikaanga mpaka inageuka rangi na harufu ya ubichi inapotea. Makopo matatu ya mahindi, kopo moja la soya, na kama mtama upo, kopo moja la mtama. Napeleka kwenye mashini ya kusaga. Unga nauweka mahali pakavu, nasagisha wa wiki mbili tu, juu soya ina mafuta na unga ukikaa sana unachacha.

Asubuhi, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji. Unga naukoroga kwanza na maji baridi kidogo usifanye madonge, ndipo namimina ndani ya maji yanayochemka. Ukianza kutokota, uendelee robo saa hadi dakika ishirini. Usiwe mwepesi kama maji, mutoto ana tumbo dogo, atajaza maji na kusikia njaa kabla ya saa nne. Nikiwa na karanga zilizosagwa, natia kijiko kimoja au viwili.

Matunda yanaingia baada ya kuepua, si wakati uji uko motoni. Moto unaua sehemu ya nguvu ya tunda. Papai au ndizi mbivu iliyopondwa, embe kwa msimu wake, avoka, maji ya marakuja. Ndizi na papai vikiiva vizuri, sukari haitakiwi, na ile feza inabaki mfukoni. Na chai kavu nimeitoa asubuhi, juu chai inazuia damu kupata faida ya chakula, wakati tunda linasaidia.

Sasa kazi ya watoto, maana njo neno nililoitiwa. Kwanza wote wananawa kwa maji na sabuni, wananionyesha viganja. Matunda yanaoshwa kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, hata kama yatamenywa. Mutoto wa miaka mitatu au minne anamenya ndizi na kuiponda kwa uma. Wa sita anapima unga na kuhesabu vikombe kwa sauti. Mwalimu wake aliniuliza nani alimfundisha hesabu, nikamwambia ni sufuria. Wa nane anakwangua mbegu za papai. Wa kumi na mbili anakoroga, mimi niko pembeni. Moto na kisu kikali ni vya mkubwa. Tumeona watoto wengi waliounguzwa na uji, sitaki wa kwangu awe mmoja wao.

Na wavulana wanafanya pia. Mume wangu alikuja akamkuta mutoto wa kiume na mwiko, akasema, "Unataka kumgeuza mwanamke?" Nikamwambia, "Nataka ale siku nikiwa shambani." Hakujibu. Baada ya mwezi mmoja niliugua malaria, na ni yule mvulana aliyepika, dada yake mkubwa akimsimamia moto. Baba yake alikula na akaomba kuongezewa. Leo yuko hapa, mumuulize mwenyewe.

Sitawadanganya kwamba kila asubuhi ni hivi. Kuna siku makala yameisha. Kuna siku tumekimbia kelele za bunduki na unga ukabaki nyumbani. Kuna miezi soya haionekani sokoni, natia maharagwe yaliyopikwa na kupondwa, au ndagala zilizosagwa, na watoto wananung'unika juu ya harufu. Lakini hawaendi shule na tumbo tupu kama zamani. Na mutoto aliyetengeneza uji kwa mikono yake haukatai. Mama, wewe unajua taabu ya kumbembeleza mutoto ale. Jaribu kumpa kazi.

Nimalizie na jambo la leo, maana baadaye tutapiga kura. Komite imeleta mapendekezo mawili juu ya msaada uliotoka kwa ndugu zetu wa mbali. La kwanza, kununua makopo ya oti na maziwa ya unga, tugawie watoto wote wa wanachama. La pili, kutengeneza mashini yetu ya kusaga iliyolala tangu mvua zilizopita, na kununua mbegu ya soya kwa kila nyumba.

Ninajua wanaotaka la kwanza si watu wabaya. Mutoto ana njaa leo, soya inaomba miezi kabla ya kuvunwa. Ni kweli. Kwa hiyo nasema hivi: tuwahesabu watoto walio dhaifu kabisa, na wale waliovimba twende nao santre, na sehemu ndogo ya feza ibaki kwa nauli yao na chakula cha mama atakayelala nao. Hiyo isingoje mbegu. Feza inayobaki iende kwenye mashini na soya. Makopo tukiyagawa yatakwisha kwa wiki moja, kama oti za dada yangu, halafu tutarudi hapahapa kuomba mengine.

Na ninyi ndugu wafadhili mutakaosoma haya, aksanti kwa oti. Kweli, watoto walizipenda. Lakini mukitaka kutuma tena, mutuume mbegu na kipuri cha mashini. Papai tunalo, na mikono ya watoto tunayo.

Nyuma ya nyumba kuna sufuria mbili za uji. Umekorogwa na watoto wenu wenyewe tangu asubuhi, na yule atakayewapimia ni mutoto wangu wa mwisho, yule wa bwaki. Sasa yuko mwaka wa tano wa shule ya msingi. Mukaonje kwanza, ndipo tupige kura.